Mikono ya Raivo

Jumatatu, 5 Agosti
Baridi kali. Mnajimu ametaja siku: Jumamosi, kama desturi yetu kwa wafu, tunamtoa dada yangu Raivo kaburini, tumfunge shuka jipya la hariri, tucheze naye, tumpe habari za nyumbani. Vizuri sana. Lakini nani atampa habari hizo? Raivo alizaliwa kiziwi. Lugha ya mikono tuliibuni mimi na yeye tukiwa wadogo, tukifukuza ndege kwenye mpunga. Leo tumebaki wawili tunaoijua: mimi, na shemeji Ratsimba, mgane wake.

Shemeji anadai mume ndiye hushika kichwa cha marehemu na kusema naye. Nikamwambia mimi ni damu yake. Akanijibu kwamba damu hiyo iliazima jembe la Raivo na mpaka leo haijarudisha. Mbele ya watu! Hatusalimiani.

Jumanne, 6 Agosti
Mgeni! Bi Fanja, mwalimu wa chuo kikuu, kutoka Antananarivo. Anaonyesha picha, nawe unaieleza kwa mikono, mdomo umefungwa. Picha ya kwanza: mama anamenya muhogo. Sisi tukisema kwa ulimi wetu wa kisiwani, tendo hutangulia, kitu hufuata, mtendaji huja mwisho kabisa. Lakini kwa mikono, maajabu! Mke wangu Bao: mama, muhogo, kumenya. Mchunga ng'ombe: mama, muhogo, kumenya. Hata mchungaji wa kanisa, mtu wa kujifanya tofauti na wote, vivyo hivyo.

Bi Fanja akasema ameyaona haya kwa watu wa lugha nyingi. Ukiwanyang'anya maneno, wengi huanza na mtu, kisha kitu, tendo nyuma, hata kama ndimi zao hazipangi hivyo. Akili ndiyo inavyopenda, akasema.

Raivo alifanya hivyo maisha yake yote. Kidole kifuani kwanza, yaani mimi. Ni kama nilimwona kabisa, na tope miguuni. Nikasingizia moshi wa kuni nikatoka nje.

Huko nje likanijia wazo. Zuri mno! Nikamwita Bi Fanja pembeni. Nikamwambia mikono halisi ya Raivo ilifuata ulimi wetu, tendo kwanza, na kwamba Ratsimba ndiye aliyemharibu baada ya ndoa. Uongo mtupu. Macho yakamtoka. Akasema ikiwa ni kweli, anataka sana kuona. Basi, Ijumaa mimi na shemeji tutasimulia mbele yake na ukoo mzima. Ukoo umekubali: atakayeonekana ana mikono ya Raivo atashika kichwa. Bi Fanja anadhani ni mazungumzo tu. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye hakimu.

Alhamisi, 8 Agosti
Mazoezi ya kugeuza mikono. Kazi ngumu kuliko kulima! Tendo linatoka kabla hujajua ni la nani. Mezani nikamwomba Bao kisamvu kwa mikono: kukata, majani, wewe. Yeye akaona kukata, akaona kidole changu kinamwelekea. Akachukua mchi. Ameniambia miaka yote hii ananivumilia, lakini kutishiwa kuchinjwa kwa sababu ya mboga, hapana. Nimekula wali mtupu na maji ya ukoko.

Ijumaa, 9 Agosti
Siku yenyewe. Ratsimba alitangulia, akasimulia alivyomposa Raivo. Mikono yake mizito, lakini ya kweli. Wanawake wakapangusa macho. Nikajua nimebanwa.

Zamu yangu. Nikachagua kisa cha bata bukini wa jirani. Nilianza barabara: kuiba, yai, mimi. Bi Fanja akaandika haraka. Kukimbiza, mimi, bata. Akauliza nani kamkimbiza nani. Nikarudia. Bao akasema kwa sauti kwamba nimemkimbiza bata, na huo ni uongo, kwa sababu mpaka leo namwogopa bata.

Kisha nikafika pale Raivo alipotokea na fimbo, mdogo kuliko fimbo yenyewe. Mikono ikanisahau. Raivo, bata, kupiga. Raivo, mimi, kubeba mgongoni. Raivo, machozi yangu, kufuta. Yote kwa mpangilio wake, kama alivyonifundisha. Nilipoinua uso, Ratsimba alikuwa analia kama mtoto, na mimi pia.

Bi Fanja akasema kwa upole kwamba haoni mikono miwili tofauti. Nilishindwa, nakiri. Nimemkumbuka dada yangu leo kuliko siku tuliyomzika.

Jioni Ratsimba akaja mlangoni. Akasema shemeji, tushike kichwa pamoja, maana mmoja wetu akifa, mwingine ataongea na nani? Nikamkaribisha ndani. Bao akampa nyama. Mimi pia, hatimaye.

Jumamosi, 10 Agosti
Filimbi, ngoma, wali wa mafuta na nguruwe. Tulimweka Raivo mapajani, mimi huku, shemeji kule. Mwepesi sana. Ratsimba alimpa habari za wajukuu. Mimi nikampa habari za mvua, na za mpunga.

Halafu nikaongeza kidogo: Ratsimba, nyama yangu, kumaliza. Watu wakadhani ni sala, wakainamisha vichwa. Ratsimba akajibu palepale: huyu, jembe lako, bado. Nikamrudishia maneno. Akanirudishia. Ukoo mzima unalia kwa uchungu, sisi tunasemana juu ya shuka jipya! Nina hakika Raivo alicheka. Alikuwa akicheka mabega yanatikisika, bila sauti.

Jumapili, 11 Agosti
Nyumba kimya. Bi Fanja ameondoka. Atarudi mwakani kurekodi mikono yetu, ili isipotee tukifa. Mikono ya wote wawili, amesisitiza.

Nimemsindikiza mpaka barabarani. Pale nikamnong'oneza siri moja: Raivo alitumia zaidi mkono wa kushoto. Macho yakamtoka tena.

Kesho naanza mazoezi. Shemeji mkono wa kushoto hawezi kabisa.