Mimi Sisifu

Jumatatu, 9 Juni. Mahongole.

Baridi ya kukata masikio. Umande umeganda juu ya majani ya viazi kama chumvi. Mimi nawaka.

Imethibitishwa: Jumamosi Rais anakuja Makambako kufungua tamasha la utamaduni la mkoa. Mji mzima umeshika mafagio. Hata mbuzi wa stendi wameonywa.

Miaka yote nimeandika safu ya Mwiba katika gazeti letu la kurasa nne, Upepo wa Nyanda, linalochapwa na Idda kwenye stesheneri yake. Msimamo wangu ni mmoja. Mwandishi hasifu mkubwa. Kusifu ni kazi ya kasuku na wanakwaya. Marais waliopita walinirahisishia kazi: wewe unapiga, wao wananuna, wasomaji wanashangilia. Kila mtu na zamu yake.

Huyu ameniharibia. Kabla ya siasa alikuwa msahihishaji wa gazeti, mtu wa kalamu nyekundu na macho ya kunguru. Anasoma kila kitu. Mchoraji mmoja alimchora na masikio ya sungura. Mzee akaomba mchoro wenyewe, akautundika chumba cha wageni Ikulu. Wapambe waliposhauri gazeti moja lifungwe, aliwauliza kesho atasoma nini na chai. Alikwenda kutazama mchezo wa kuigiza wa kumdhihaki rais, akacheka kabla ya watazamaji wengine.

Nipigane vipi na mtu wa namna hiyo? Mwaka jana niliandika makala kali, "Rais Anayecheka". Niliandaa begi la nguo, nikaagana na mke wangu, nikasubiri polisi. Mzee akaitaja redioni! Alisema hoja ya ndugu yetu wa Njombe ameikubali nusu, ila "kejeli" imeandikwa "kejeri". Nchi nzima ikacheka. Idda ndiye aliyechapa. Mimi sikuandika hivyo.

Begi bado liko nyuma ya mlango. Feliciana ameweka mbegu za maharage ndani yake.

Jumanne, 10 Juni. Njombe mjini.

Nimeitwa kwenye kamati ya mapokezi. Mimi! Nilivaa koti la marehemu baba ili nikatae kwa heshima.

Ebeneza alikuwa amekwisha kaa mbele. Huyu ni mwalimu wa kwaya, ndevu zimechanwa, ametunga sifa kwa kila mgeni aliyewahi kushuka mkoani. Alitunga hata ya uzinduzi wa choo cha soko, kwa sauti nne za kupokezana. Leo alileta shairi la Rais. Mwenyekiti akalisoma, akakohoa. Akasema Mzee ana tabia ya kurudisha mashairi mabovu yakiwa yamesahihishwa vina, na mkoa fulani bado unaona aibu. Anahitajika mshairi wa kweli. Macho yote yakanigeukia.

Nilisimama kukataa. Nilikwisha fika kwenye sentensi ya kasuku. Hapo hapo, katikati ya neno, wazo likanishukia.

Beti sita. Kila ubeti uanze na herufi niliyoichagua. S, I, S, I, F, U. Usikie kwa sikio, ni sifa tupu. Utazame kwa jicho, ukishuka ukingo wa kushoto, unasoma: SISIFU. Mbele ya viongozi wote! Katika zawadi yao wenyewe! Na mtu pekee katika jukwaa lile anayesoma kwa kushuka ni msahihishaji mstaafu. Atajua. Atanuna. Hatimaye.

Nikakubali. Ebeneza akasema hadharani kwamba hata simba akizeeka hula majani. Nikamwambia Mwalimu, subiri Jumamosi.

Jumatano, 11 Juni.

Nimetunga tangu alfajiri, blanketi mabegani. Beti mbili za mwanzo nimezifanya laini kama uji wa mgonjwa, ili wakaguzi wasinzie. "Salamu tunazileta, kwa heshima na adabu." Kisha: "Ijapokuwa baridi, mioyo yetu ya moto." Hazisemi kitu. Ndio ustadi wake.

Kuanzia wa tatu nikaingia kwenye sifa zenyewe. "Sanaa umeipenda, magazeti wayasoma." Hapa pana tatizo ambalo sitamwambia mtu. Sikutia chumvi. Nilitafuta uongo wa kuweka, nikakuta mambo yote niliyoyaandika yametokea. Ubeti wa wachoraji kuingia Ikulu ulinitoa machozi. Ni moshi wa jikoni.

Feliciana amesoma, amesema ni tamu, akauliza tangu lini. Nikamfunulia siri. Alitazama ile karatasi kwa muda.

"Baba Modesta," akasema, "kama una neno na Rais, si umwambie?"

Nikamweleza historia ya fumbo katika ushairi wetu, tangu wahenga. Nilipofika katikati alikuwa amekwenda kuchambua viazi.

Na neno ninalo! Ukumbi wa sanaa wa hapa Makambako, uliojengwa kwa nguvu za wananchi, siku hizi ni ghala la mbolea. Wacheza ngoma wanafanyia mazoezi barabarani. Mara ya mwisho ligambusi, ala yetu ya nyuzi, kupigwa ndani ya ukumbi ule, mpigaji alipiga chafya mpaka uzi ukakatika. Mzee akiona SISIFU atauliza kwa nini simsifu. Hapo ndipo nitakapomtupia ghala lote. Mpango una hatua mbili. Wanawake hawapendi hatua.

Alhamisi, 12 Juni.

Mghani amepatikana: Germana wa Mdandu, muuza parachichi. Sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Ameshika beti sita kwa kusikia mara mbili. Hakuuliza lolote ila nauli.

Shairi litaandikwa pia kwenye kitambaa kikubwa cheupe, akabidhiwe Rais. Nikamwagiza Idda herufi ya kwanza ya kila ubeti iwe nyekundu, kubwa kama kiganja. Aliuliza kwa nini. Nikasema urembo. Akasema tangu lini nimejali urembo, akatazama viatu vyangu.

Nimepita kwa Festo, mwenye mkahawa wa chai pale njia panda. Wananchi wangu wote walikuwepo, na habari za kamati zilikwisha wafikia. Festo aliniuliza kama ni kweli nimeolewa na serikali. Wengine wakaangua kicheko, mmoja akaniimbia wimbo wa bibi harusi kwa Kibena. Sikuweza kuvumilia. Nikawaambia wote: Jumamosi kitambaa kikifunuliwa, msisome kwa kwenda kulia. Someni herufi nyekundu, kwa kushuka chini. Mtaona kama Alois anasifu.

Festo akanilipia chai. Sijapata kuheshimiwa hivi tangu nilipofukuzwa bodi ya shule.

Ijumaa, 13 Juni.

Uwanjani hawaniruhusu, mazoezi ni ya wenye vitambulisho. Nimekutana na Ebeneza getini, kitambulisho shingoni, anatembea kama aliyemeza filimbi. Akaniambia wakubwa wa itifaki wamelalamika ratiba ni ndefu, kwa hiyo wamepunguza kidogo.

Nikafurahi. Ni wazi wamepunguza kwaya yake. Nikampa pole. Alinishangaa, akasema mwandishi, kumbe una roho nzuri, wengine wangegomba.

Nimelala mapema. Sikulala.

Jumamosi, 14 Juni. Makambako.

Naandika kabla ya kuvua viatu.

Uwanja ulijaa. Mzee alishuka garini bila koti, akatusalimu "Kamwene" kwa lafudhi ambayo Wabena wenzangu watatu waliapa ni ya Lupembe. Ngoma ya mganda kutoka Lupingu ilipoanza, manyunyu yakaanza nayo. Wapambe wakamfungulia mwavuli. Akausukuma, kwa sababu wachezaji nao walikuwa wanalowa, akasimama hadi hatua ya mwisho. Kisha akataka kujua nani alitengeneza zile tarumbeta za vibuyu, akaomba mtu huyo atajwe jina kwenye kipaza sauti. Lilitajwa. Fundi wa watu alilia. Nimeyaona haya kwa macho yangu na sitayaandika popote ila hapa.

Aliwafuata waandishi wa habari, akawaambia wasirudi mjini na picha zake tu. Wacheza ngoma wako uwanja mzima. Nilijikuta napiga makofi. Nikaiweka mikono mfukoni.

Ikafika zamu yetu. Germana akapanda. Akavuta pumzi. Nikasubiri "Salamu tunazileta".

Akaghani: "Sanaa umeipenda, magazeti wayasoma."

Nikadhani amesahau. Nikamwonyesha vidole viwili. Akadhani nampongeza, akapandisha sauti. Nyuma yake vijana wawili wa itifaki wakafunua kitambaa. Kilikuwa kifupi. Beti nne. Herufi nyekundu, kubwa kama kiganja, na Idda alikuwa ameziongezea maua.

S. I. F. U.

Wamekata beti mbili za mwanzo! Uji wangu! Wamekata kwa sababu hazisemi kitu! Nilimtazama Ebeneza. Alinipungia mkono, mtu wa amani kabisa.

Safu ya tatu walikaa watu wa Festo. Niliwaona wakishuka kwa macho, herufi kwa herufi, midomo ikisogea. Festo alivua kofia. Hakuvua kwa heshima.

Na Mzee naye alishuka kwa macho. Nikamwona akifika chini, akarudi juu, akakunja uso. Akaomba mtunzi aitwe.

Sikumbuki nilivyotembea. Namkumbuka karibu: mzee mfupi, doa la wino kwenye kidole. Alinishika bega, akanivuta pembeni ya kipaza sauti, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza njia.

"Ndugu Alois wa Mwiba. Shairi halina salamu. Mtunzi kama wewe hawezi kuanza bila salamu. Zilikuwepo beti mbili kabla?"

Nikatazama kitambaa.

"Nimesahihisha prufu za gazeti miaka mingi," akasema. "Naona shimo. Kama ya kwanza ilianza na S, na ya pili na I, ningependa kuzisikia. Kipaza sauti hiki hapa. Halafu uniambie sababu."

Alijua. Alijua yote, na alikuwa ananishikia mlango. Ghala la mbolea lilikuwa mita mia kutoka pale, paa lake linaonekana. Nilikuwa na sababu yangu kichwani, imepangwa kwa aya. Kitu pekee nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo.

Lakini mkono wake ulikuwa bado begani. Ulikuwa wa joto. Na alikuwa amenitaja kwa jina la safu yangu. Na mkuu wa itifaki alikuwa ananitazama, na mpiga picha alikuwa amepiga goti.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Ni hizo nne tu. Zinatoka moyoni."

Akanitazama kidogo. Uso ulimshuka, kama mtu aliyefungua gazeti akakuta ukurasa mtupu. Akasema pole, basi macho yamezeeka. Akanipa mkono, akashukuru kwa vina, akaenda kumsalimia Germana. Naye, nasikia, alimweleza habari ya mbolea ukumbini huku akimfungia parachichi sita kwenye mfuko. Mzee aliita mtu akaandika.

Jumapili, 15 Juni.

Misa ya kwanza. Paroko amenipongeza mimbarani kwa kumkubali kiongozi wetu kwa moyo mweupe. Ebeneza amenikumbatia nje ya kanisa, akaniita mtunzi mwenzangu, akanialika tutunge pamoja ya uzinduzi wa mizani ya malori.

Kwa Festo sikutaka kupita lakini njia ni moja. Walisimama wote kwa heshima. Festo akasema karibu Ikulu. Nikaeleza kwamba kulikuwa na beti mbili zaidi, SI ya mwanzo, wamezikata. Festo akauliza kwa upole: si Rais mwenyewe alikuita pembeni? Sasa ulimwambia?

Nikasema mazingira hayakuruhusu.

Feliciana hajanicheka. Ni vibaya zaidi. Ameniwekea chakula, akasema maneno mawili, kwamba yule mzee alikuwa na njaa ya kusikia na mimi nilikuwa na sahani.

Jumatatu, 16 Juni.

Nimeamka mtu mpya. Usiku nimeyatafakari yote kwa haki, bila kujihurumia, na nimeona kosa liko wapi.

Kosa ni la Rais.

Ni nani amewahi kuona kiongozi anayemtaka mwandishi amkosoe papo hapo, mbele ya watu, huku amemshika bega? Bega! Huo ni ukandamizaji wa aina mpya, wa adabu, na lazima mtu aufichue. Nimeandika makala bila kuinua kalamu. Kichwa chake: "Rais Asiyetaka Kukosolewa". Kali sana. Nadhani ndiyo bora niliyowahi kuandika. Nimesoma "kejeli" mara tatu.

Nimempelekea Idda. Amesoma yote akiwa amesimama, kisha akanionyesha picha iliyoletwa na mpiga picha wa mkoa: mimi na Mzee, mkono begani, mimi natabasamu mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Akaniambia nichague, gazeti la wiki hii litoke na makala au na picha, maana vyote viwili haviwezekani.

Idda hana upeo. Nimemwambia picha ukurasa wa kwanza, kubwa, ya rangi. Makala ukurasa wa pili.