Mtihani Ulioingia Matangani

Jumatano, 5 Novemba

Leo Waithira ataisha. Saiba yake, duka la intaneti na uchapaji, inatazamana na yangu hapa mtaani Huruma, ana printa ya rangi, na wateja wangu wote wamevuka barabara kama kuku walioona mahindi. Lakini msimu wa mitihani umefika, na hakuna mzazi anayekataa karatasi za mock, mitihani ya majaribio. Nimempata mtu Telegram anayeuza furushi la mock za Kiswahili. Nikalipa, faili ikaingia. Sikuifungua. Ya nini? Nikaamuru printa itoe nakala za kutosha wazazi wa Yamumbi yote. Ikanguruma, stima ikapotea. Nimefunga duka nikiwa tajiri mtarajiwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Stima imerudi Mzee Ephantus akiwa dukani. Amefiwa na kaka yake, alitaka kuchapiwa wasifu wa marehemu. Printa ikakumbuka kazi ya jana, ikatema zote pamoja. Nikazibana zake kwa stepla, nikampa pole, akaenda. Ndipo nikasoma zangu.

Mtihani wa taifa. Wa mwaka huu. Wa Jumanne ijayo.

Si mock! Kupatikana nao tu ni jela. Na Linah, mpwa wangu ninayeishi naye, ni mtahiniwa. Kila jioni anasomea hapa dukani. Nani ataamini hakuona? Miaka yake yote ya sekondari itafutwa kwa kidole changu kimoja.

Nimepanga nakala. Moja haina ukurasa wa kwanza. Umeenda na Mzee Ephantus. Nimempigia, simu imezimwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefuta faili. Nimechoma karatasi kwenye jiko, moshi ukajaa hadi kwa Waithira. Akauliza kama nimeanza kuuza nyama choma. Polisi mmoja akaingia. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia mimi sijui lolote kuhusu mambo ya Kiswahili. Alitaka kopi ya kitambulisho. Ameenda kuitoa kwa Waithira.

Linah nimemkataza kukanyaga dukani mpaka amalize mitihani. Aliuliza sababu, nikaanza kufagia. Akijua, naye ameingia kwenye kesi. Akafunga vitabu vyake polepole.

“Anko, kama nimekuwa mzigo, niambie tu nirudi kwa mama.”

Nikamwambia anywe chai. Huo ndio ujasiri wangu wote.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefika matangani huko Plateau kuutafuta ule ukurasa, nimechelewa. Kabura, mjukuu wa marehemu, alikuwa ameshaanza kusoma wasifu. Akasoma kwamba babu alikuwa fundi wa baiskeli, mpenda watu, na ameacha mjane na watoto. Akafunua ukurasa.

“Jibu maswali mawili pekee. Swali la kwanza ni la lazima.”

Nikatafuta pa kukimbilia, nyuma yangu kulikuwa na ng'ombe. Kabura akatazama karatasi, akamtazama mchungaji. Mchungaji akainuka taratibu.

“Ndugu zangu, marehemu ametuachia fumbo. Kifo ndicho swali la lazima.”

Watu wakaitikia amina. Akahubiri juu ya hilo mpaka watu wakalia. Mimi nililia kuwashinda wafiwa. Mzee Ephantus akanikumbatia, akasema hakujua kama nilimpenda kaka yake hivyo. Nikamwomba ile karatasi, niiweke kama kumbukumbu. Akakataa kwa upole, akaikunja, akaiweka ndani ya jeneza.

Nimeona ikifukiwa. Ningepaswa kufurahi. Lakini polisi si hufukua?

Jumatatu, 10 Novemba

Sili. Linah amepakia nguo zake kwenye begi, anasema ataondoka akimaliza karatasi ya mwisho. Nimeketi mlangoni nikisubiri gari la polisi. Likaja gari la maji.

Jumanne, 11 Novemba

Linah ametoka kwenye mtihani. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, insha ya lazima ilikuwa nini. Barua kwa mhariri, akasema. Kwenye ile karatasi yangu ilikuwa hotuba. Nikauliza ya pili. Tofauti. Ya tatu na ya nne, tofauti!

Karatasi ilikuwa feki. Nimekaa chini sakafuni. Linah akaniletea maji, akaniuliza kama ni malaria. Nikamwambia hajawahi kuwa mzigo hata siku moja. Akalia, akatoa nguo kwenye begi. Usingizi umenichukua nikiwa na viatu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeamka na hasira. Nimekonda, nimelia mbele ya watu wa Plateau, karibu nimpoteze mtoto, yote kwa mtihani ambao hata si wa kweli! Yule jamaa wa Telegram ni tapeli. Akiachwa hivi atawaumiza wengine. Faili nimeirudisha kutoka pipa la taka la kompyuta, nimeichapa upya, safi. Baada ya chai naenda kituo cha polisi kushtaki kwamba nimeuziwa mtihani wa taifa usiofaa. Kompyuta naibeba iwe ushahidi.

Waithira ameniona nikiifunga kwa kamba. Ameniuliza naenda wapi. Nimemwambia kuna watu tunajua haki zetu.