Mbwa Mwenye Bwana Mmoja

Qiao Wenlu alipomwona Bosi Hao akipiga magoti mbele ya mbwa, suti na yote, alijua riziki imemfuata mpaka miguuni.

Ilikuwa kwenye maonyesho ya majibwa ya Tibet, mjini Datong, miaka ile ambayo tajiri wa makaa ya mawe asiye na jibwa lenye singa za simba alionekana hohehahe mbele ya wenzake. Na tuelewane: Hao Dexing huyu ndiye aliyebomoa kiwanda chetu cha nywele za bandia, mabweni yetu pamoja nacho, akasimamisha mnara wa ghorofa ishirini. Wajane wa wachimbaji waliofia mgodini mwake aliwapa gunia la unga kila mmoja, akapigwa picha nao. Wengine wamesahau. Mimi sijasahau hata rangi ya magunia.

Qiao alifuma nywele kiwandani mle miaka kumi na tisa. Sasa mama yake alikuwa analala kwenye roshani ya binamu, nyuma ya mitungi ya kabichi. Alitaka kitu kimoja tu: nyumba moja ndani ya mnara ule, aiuze kabla baridi haijaisha, amhamishie mama kusini.

Akatafuta mbwa mweusi, mkubwa, mpole, asiyejulikana baba. Kwa siku nne akamgundishia singa za mabaki ya mwisho ya nywele za kiwandani, unywele kwa unywele. Cheti cha ukoo alikiandika mwenyewe, akampa mababu saba wanaojulikana kwa majina, jambo ambalo Bosi Hao hakuwa nalo.

Hatari ilikuwa mkono. Mtu akivuta singa, kwisha kazi. Lakini wafugaji wa majibwa haya wana imani yao, na Qiao akaikumbatia.

"Usimguse, bosi," alisema kwa upole wa mganga. "Jibwa halisi lina bwana mmoja mpaka kufa. Likikubali mkono wa mgeni, hilo ni koko."

Mbwa mwenyewe alikuwa anatamani kukunwa. Qiao akamkanyaga kidole kidogo, naye akaunguruma kama mfalme.

Bosi Hao akarudisha mkono mfukoni, machozi yakimlenga. Wakakubaliana: jibwa kwa nyumba, ghorofa ya kumi na nane, sakafu inayopashwa moto.

Siku ya makabidhiano Hao alikuja na mpiga picha. Qiao akamnyooshea mnyororo. Hao hakuupokea.

"Ana bwana mmoja tu, sivyo?"

"Mpaka kufa, bosi."

"Sasa ukiondoka si atakufa kwa majonzi? Nimewachukua wote wawili. Mtakaa kwenye nyumba hiyo hiyo. Hati ibaki kwangu, wewe ulale naye."

Qiao akakohoa. Akaeleza kwamba mbwa bado kijana, pengine baada ya wiki mbili tatu angemzoea bosi.

Macho ya Hao yakawa membamba. "Anizoee mimi? Kumbe ni koko?"

Kuna siku ulimi unamjengea mtu nyumba nzuri kabisa, ukasahau kuweka mlango.

"Halisi, bosi," alisema Qiao. "Halisi kabisa."

Mlinzi akawekwa kwenye lifti. Mama akaletwa, akaisifu sakafu. Baridi ilipoisha mbwa akaanza kupukutika, na singa za gundi zikaondoka na manyoya yaliyozishika. Gundi Qiao alikuwa nayo. Nywele angezitoa wapi, na kiwanda kilishakuwa kifusi chini ya miguu yake?

Mwezi wa tano jibwa lilitwaa kombe. Bosi Hao alilia mbele ya kamera akiwashukuru mababu wote saba. Mwamuzi alisifu zaidi singa: nyeusi tii, alisema, ila zina mvi hapa na pale, alama ya damu ya kale.

Qiao alishika mnyororo, kichwa kikimeremeta kama yai. Safu ya tatu, mama yake, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, alipiga makofi kuliko wote.