Kalipa Iliyokwenda Kuoga Nyamyumba

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Ingabire anaolewa Jumamosi, kanisani Nyundo! Leo kaniambia hataki kubebwa na gari lolote ila la marehemu baba yake, kaka yangu, lililolala uani kwangu tangu masika. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza. Mtoto huyu nimemlea, hajawahi kuniomba kitu kikubwa. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vitunguu vya mke wangu, Mukandori.

Jioni nikaliwasha. Injini safi! Nikaingiza gia, nikakanyaga mafuta. Likainama mbele kama mbuzi anayekataa kuvuka maji. Gurudumu la mbele kulia halizunguki. Kalipa imekwama, kile chuma kinachobana sahani ya breki: kimebana, hakiachii.

Mukandori kasema nimwite kaka yake, Juvénal. Nimesema afadhali nimbebe bibi harusi mgongoni.

Jumanne, 10 Agosti

Juvénal kaja bila kuitwa. Ana minibasi nyeupe, na tayari ameinunulia maua ya harusi! Kachungulia gurudumu, kasema: bon, shemeji, hiyo iko rahisi. Usiichomoe kwa mupira wake wa mafuta. Kanyaga pedali ya breki tu, mafuta yatasukuma pistoni ya ndani, itatoka yenyewe. Na ya kushoto pia utengeneze, breki hazitengenezwi upande moja.

Nikamshukuru sana. Alipopinda kona tu, nikaichomoa. Mafuta ya breki yote yakamwagikia kandambili zangu. Sawa tu. Sipokei ushauri wa mtu aliyekwisha nunua maua.

Nimeigonga kwa nyundo. Nimeivuta kwa koleo. Pistoni haijatikisika. Kidole gumba kimevimba. Ila sambaza za leo, vile visamaki vya ziwani, zilikaangwa vizuri mno, nikaongeza mara mbili.

Jumatano, 11 Agosti

Akili imenijia! Shangazi Xavérine hukakamaa magoti kila kiangazi, na kila Jumatano huenda kuyaloweka kwenye maji ya moto ya Nyamyumba. Huenda akichechemea, hurudi akitembea kama msichana. Donc, basi, maji yanayolegeza magoti ya bibi wa miaka sabini yatashindwa na pistoni? Juvénal hawezi kuwaza hivi hata akipewa mwaka.

Tukapanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, Shangazi na mimi. Kalipa nimeiviringisha taulo, nimeikumbatia kifuani. Dereva wangu kaniuliza mtoto ana miezi mingapi.

Kwenye chemchemi kina mama wamejaa, kila mmoja na maumivu yake. Nikaizamisha polepole, kando ya miguu ya Shangazi. Mara mafuta yakaelea juu ya maji, rangi zote! Yewe! Makelele! Mama mmoja kauliza ni nani anayechafua dawa ya watu. Nikasema nimeleta mgonjwa. Nikafukuzwa, mimi na taulo langu.

Shangazi peke yake hakutoka. Kasema magoti yake hayajawahi kuteleza hivi.

Alhamisi, 12 Agosti

Pistoni bado imekaza. Nje imekaza, lakini naamini ndani imelegea.

Jirani yetu Nasrine, anayevuka mpaka kwenda Goma kila siku na biashara zake, kaniletea mafuta mapya ya breki. Nikairudisha kalipa kwenye mpira wake, ili Juvénal akipita asipate la kucheka, nikajaza mafuta. Nikalala chini kuitazama.

Mukandori kaingia garini kuchambua maharage kivulini. Kanikasirikia. Harusi keshokutwa, na mume amelala chini ya gari! Kaanza kunitajia makosa yangu, na kila kosa anapiga mguu sakafuni. Mguu uliangukia pedali. Makosa yangu ni mengi. Kakanyaga na kukanyaga na kukanyaga.

Pwaa! Pistoni nje, mafuta kifuani kwangu! Nikatoka chini nikamkumbatia vilevile. Maji ya Nyamyumba ni kiboko! Yalihitaji tu siku moja ya kuingia.

Mukandori kanitazama. Kauliza, si ndivyo Juvénal alivyosema, kanyaga pedali? Nimemwomba asichanganye mambo.

Ijumaa, 13 Agosti

Pistoni nimeisugua kwa msasa laini, nimeipaka grisi, nimeirudisha. Tumetoa hewa kwenye mafuta, Mukandori akikanyaga, mimi nikifungua na kufunga skrubu ya hewa. Gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja! Juvénal kapita, kauliza: na ya kushoto? Nimemjibu kwamba mwenye afya hapelekwi hospitali.

Jumamosi, 14 Agosti

Ingabire kaingia garini na gauni lake lote. Kapitisha mkono juu ya kiti cha mbele, kasema bado panakaa kama pa baba. Nimelia. Leo hapakuwa na vitunguu.

Kupanda Nyundo, raha tupu. Ndoa ikafungwa. Kushuka, kona ya kwanza nikagusa breki. Ya kushoto ikabana. Haikuachia! Gari likaburuta mguu, moshi kidogo ukatoka gurudumuni. Barabara nyembamba, wa kunipita hakuna. Nyuma yangu Juvénal na maua yake, na wageni wote, na honi.

Basi tukaenda mwendo wa mtu anayetembea. Wakulima wakatoka mashambani, wakaandamana nasi wakiimba na kupiga makofi, wakimshika Ingabire mkono dirishani. Mumewe Niyonzima akapewa kabichi. Njia nzima hivyo!

Tulipofika wazee wakanipongeza. Hiyo ndiyo heshima, wakasema, bibi harusi hakimbizwi kama viazi vya kuwahi soko la Mahoko. Ingabire kaninong'oneza: asante, Baba Mdogo, nilitaka safari isiishe upesi.

Juvénal kainama kwenye gurudumu la kushoto, kanusa. Kafungua mdomo. Akamwona Ingabire anavyocheka, akaufunga, akanimiminia bia. Huyu mtu ana mazuri yake, sitaki kusema sana.

Jumapili, 15 Agosti

Juvénal kaja baada ya misa. Kasema: shemeji, sasa ya kushoto, usiichomoe, kanyaga tu pedali. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nilikuwa nimekwisha ichomoa. Mafuta yote yamemwagikia kandambili, zile zile.

Jumatano tunakwenda tena Nyamyumba! Shangazi ameshawaeleza wenzake, wanakuja wanne na magoti yao, wanauliza kama mafuta yatatosha. Nimewatoa wasiwasi. Nimechomoa na ya kulia.