Kumpendeza Daktari Bonareri

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Homa Bay. Nimefika wodi ya wanaume saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shati nimelipiga pasi mara mbili. Nitakaa mwezi mmoja tu, na lazima Daktari Bonareri, msimamizi wetu sisi wanafunzi, aniandikie barua ya kunisifu. Bila barua hiyo sitapata kazi hospitali kubwa ya Nairobi.

Simjui mtu mji huu. Jana langoni niliwasikia watu wakiambiana "oriti", nikaliandika neno hilo kiganjani. Leo nimewasalimia nalo wagonjwa wote, kitanda kwa kitanda, kisha daktari mwenyewe. Wodi nzima ilicheka. Nikadhani nimependwa. Jedidah, mwanafunzi mwenzangu, mzaliwa wa huku, akaninong'oneza kwamba hiyo ni kwaheri kwa Kijaluo, nimewaaga wote. Daktari akauliza kama nimeshachoka, nataka kurudi kwetu Isiolo.

Jumatano, 7 Agosti
Mpango mpya: kukariri faili. Nimeanza na Mzee Zadock wa Sindo, mwalimu mstaafu, mgonjwa wa kisukari. Alinimiminia chai kutoka chupa yake. Akasema tangu mkewe afariki yeye huongea na redio. Kisha akaanza kunieleza kwamba mguu wake wa kushoto siku hizi hausikii baridi ya sakafu. Nikamwomba anyamaze kidogo. Nilikuwa nakariri vipimo vya sukari yake.

Jioni nimekula peke yangu tena. Mwenye hoteli ameshaacha kuuliza kama kuna mwenzangu anakuja.

Alhamisi, 8 Agosti
Raundi. Nimetaja sukari ya mzee ya siku nne bila kutazama karatasi. Daktari akaitikia kwa kichwa. Furaha yangu ilidumu mpaka alipouliza miguu ikoje. Nikajibu iko sawa, yote miwili.

Jedidah akainama, akamvua mzee soksi. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kikubwa kama shilingi, kinanuka.

Daktari hakupaza sauti. "Wewe wa Isiolo," alisema, "huyu mzee angekatwa mguu."

Mzee akanitetea. Akasema alikuwa amenitajia jana, ila kijana alikuwa na kazi nyingi. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 16 Agosti
Kidonda kimeanza kufunga. Nimekiosha kila siku, hasa saa ambazo daktari hupita. Hakupita hata mara moja.

Leo mzee ameruhusiwa kwenda. Akanialika chakula cha Jumapili kwake Sindo. Atachinja kuku. Akasema ananiona nilivyo mpweke, na kwake kuna viti vingi visivyokaliwa. Nilitaka sana kukubali. Lakini Jumapili hakuna mwanafunzi anayekuja wodini. Nikiwa peke yangu, daktari atakosaje kuniona? Nikamwambia mzee nina kazi. Alinishika mkono kwa muda, kisha akaondoka akichechemea.

Jumapili, 18 Agosti
Nilikuwa wodini tangu saa moja asubuhi, nimevaa tai. Nilipima presha za watu ambao zilikuwa zimeshapimwa. Saa saba Sista Dolphine, muuguzi wa zamu, akauliza namngoja nani. Nilipomwambia, akanitazama kwa huruma. Daktari Bonareri alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Sindo, kwa Mzee Zadock. Jedidah pia.

Walirudi jioni. Jedidah aliniletea paja la kuku na salamu za mzee. Eti kila gari liliposimama, mzee alitoka nje kuangalia kama ni mimi. Nililila lile paja nimesimama koridoni. Lilikuwa tamu, na lilikuwa limepoa.

Jedidah anasema Jumapili ijayo wamealikwa tena, na mzee amesisitiza niende. Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Sindo ni mbali na barabara ni mbaya. Kwa vyovyote daktari amechoka, safari ya pili hataiweza. Atabaki hapa.

Nitakuwa wodini Jumapili hiyo saa kumi na mbili asubuhi.