Vifuniko Vitatu vya Dawa ya Kupe

Jumatatu, 10 Juni 2024

Siku tano zimebaki! Jumamosi kikundi chetu cha wafugaji hapa Rongo kinachagua ndume mmoja wa kupanda ng'ombe wa wanachama wote arobaini na watatu. Wamebaki wawili: Meja wangu na ndume wa jirani Jacktone. Leo nimehesabu kupe wa Meja. Sitini na mmoja. Sikio la kushoto peke yake, kumi na tisa! Mayaka, daktari wa mifugo, ameshatangaza kwamba ndume mwenye zaidi ya kumi anatolewa. 

Mimi sikurithi hata jembe. Meja nilimlea kwa chupa. Siku nilipomleta kutoka Awendo akiwa ndama, Jacktone aliegemea ua akaniuliza, omera, ndugu yangu, huyu mbuzi mbona mrefu hivi? Miaka minne imepita. Sijasahau.

Jumanne, 11 Juni

Nimempulizia Meja dawa kama chupa inavyosema: kifuniko kimoja kwa lita kumi za maji. Nimehesabu tena. Wamebaki thelathini na wanane. Kwa hiyo kifuniko kimoja kinaua kupe ishirini na watatu. Viwili, arobaini na sita. Vitatu, sitini na tisa, na Meja hata hao hana! Hesabu haina upendeleo.

Mke wangu Filister ameshika chupa akaniuliza, Baba Lynnet, hii picha ya glavu waliiweka kuipamba? Nimemjibu kwamba aliyeichora hana ndume wa kukaguliwa Jumamosi. Akasema sawa, ja-hesabu, endelea. Sikupenda alivyolisema hilo "endelea".

Jumatano, 12 Juni

(Namtamkia Filister naye anaandika. Vidole vyangu havinisikii.)

Vifuniko vitatu. Kimoja zaidi cha dawa ya nyanya, kwa usalama. Pampu ya mgongoni ilivuja kidogo. Shati likalowa. Upepo nao ulikuwa unanijia usoni. Haidhuru, nilijiambia, kupe hawangoji upepo.

Baada ya nusu saa hivi, Meja akaanza kudondosha mate. Kisha machozi. Kisha nyama za bega zikarukaruka kana kwamba kuna vyura chini ya ngozi. Nilitaka kupiga kelele nikagundua mate yangu pia yamejaa mdomo. Jasho! Macho giza! Jacktone akaegemea ua akauliza kama nimeanza kulia mapema ili Jumamosi nipumzike. Nilipofungua mdomo nimjibu, yakatoka mate tu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Filister amenileta zahanati kwa pikipiki. Mayaka amepigiwa simu aende kwa Meja. Kama yuko hai sijui. (Filister anasema niache kumwuliza, yeye pia hajui.)

Alhamisi, 13 Juni

Bado kitandani. Meja yuko hai! Lakini hajasimama. Nimeuliza mara kumi na nne.

Jana wauguzi wawili walinisugua kwa sabuni kama sufuria ya samaki wa omena. Daktari Mourine akanidunga sindano. Leo amekuja kunieleza. Neva haigusani na msuli, anasema. Kati yao kuna pengo. Ncha ya neva inamwaga kemikali, hiyo inavuka kama mjumbe, inabisha mlango wa msuli, msuli unaruka. Halafu yuko mfagiaji palepale anayemwondoa mjumbe upesi, msuli upumzike. Dawa yangu inamfunga mfagiaji mikono. Wajumbe wanajaa, wanabisha bila kukoma.

Nikaelewa mara moja. Ni Jacktone kwenye ua wangu, siku ambayo Filister hayupo wa kumfukuza.

Nikauliza upana wa pengo. Akasema ukipanga mapengo elfu ishirini, jumla ni kama milimita moja. Yawa! Mtu wa kilo themanini na nne kuangushwa na kitu kama hicho! Akaongeza kwamba kupe, ng'ombe na Joash wote wana mapengo hayo. Hakukuwa na haja ya kunitaja kwa jina.

Na sindano je? Haimfungui mfagiaji, akasema. Inafunga milango ya tezi za mate na ya moyo, ili wajumbe wabishe bure. Hilo nimeliandika mara mbili.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeruhusiwa. Meja amesimama! Nimemshika shingo nikalia, machozi ya kawaida safari hii. Mayaka naye alimdunga sindano. Aliyemwosha kwa sabuni ni Jacktone, saa mbili nzima, bila kuitwa. Filister ananiambia niende nikamshukuru. Nitaenda. Kwanza nataka kujua kama alihesabu kupe.

Jumamosi, 15 Juni

Meja: kupe sifuri. Ndume wa Jacktone: tisa. Tisa! Na Jacktone ndiye ameshinda! Mayaka anasema ndume aliyekula sumu juzi hapandi ng'ombe wa mtu, angoje uchaguzi wa Septemba. Nikaomba ile tisa ihesabiwe upya. Wanachama wakacheka. Jacktone akanishika bega akasema, omera, mbuzi wako ni mgumu, amepona. Mbele ya watu arobaini na wawili!

Nimekaa chini nikapiga hesabu. Kosa langu halikuwa vifuniko. Lilikuwa mpangilio. Nilipuliza kwanza, sindano ikaja nyuma. Milango ikifungwa mapema, wajumbe watabisha mpaka wachoke. Mourine alinikanya kwamba sindano si kinga. Lakini Mourine hajawahi kufuga.

Septemba, basi. Sindano ya Meja saa mbili asubuhi, yangu saa mbili na dakika tano, kisha vifuniko sita. Wauza dawa wa agroveti za hapa wote wameshaonywa na Filister, kwa hiyo dawa nitaifuata Kisegi, ambako hawanijui.

Glavu hazitahitajika.