Chini Mara Tatu, Kulia Mara Mbili

Jumatano, 2 Julai 2025. Njombe.

Baridi! Ndoo ya nje imeamka na ngozi juu kama maziwa. Nimeuza makoti manne kabla ya saa tatu. Mzee mmoja wa Ipelele kalikataa la tano, eti halina joto. Nikamwambia hili limetoka Ulaya, kule baridi inapasua chupa. Akasema basi hao Ulaya hawajafika Ipelele. Nimempa kwa bei ya kutupa. Mtu akinichekesha nakosa nguvu.

Habari kubwa. Praygod, mwenye kibanda cha gemu nyuma ya stendi, ameleta mkusanyo mpya wa magemu ya zamani ya kupigana. Manane ndani ya moja! Yamesafishwa mpaka basi. Watu niliowaacha na sura za mraba kama vipande vya sabuni ya mche, leo wana nyusi. Kaptura ana nyusi! Bibi Moto ana hereni! Chozi lilinitoka. Nimesema ni moshi wa jiko.

Majina hayo tuliwapa sisi wenyewe, Makambako. CD zote zilikuja na Kijapani, hakuna aliyejua nani anaitwa nani. Kila kitu tulikijua kwa mahali kilipo, kama njia ya chooni gizani.

Kwa kumbukumbu ya vizazi: mimi Odilo ndiye Mfalme wa Makambako, 2003 hadi 2005, banda la gemu la karibu na reli. Tarsis hajanishinda hata mara moja. Hata moja!

Tatizo ni kwamba Tarsis ni kaka yake Avelina, ninayemposa. Zamani hilo halikunihusu. Sasa baba yao ni marehemu, na barua yangu ya posa iko mikononi mwa Tarsis wiki ya tatu. Haijafunguliwa. Leo mshenga wangu, Mzee Hosea, ameleta jibu huku akijifuta jasho katika baridi hii. Tarsis anasema hawezi kumpa dada yake mtu aliyempiga kwenye gemu miaka miwili bila yeye kujua anapigwaje. Tucheze Jumamosi, nyumbani kwake. Nikishinda, barua inafunguliwa pale pale. Nikishindwa, itakaa kabatini mpaka mahindi ya mwakani.

Nimecheka mpaka nikakohoa. Nimemwambia Mzee Hosea aandae suti. Maana Tarsis hajui kwamba nina siri. Marehemu mwenye banda alinifundisha nikiwa kijana: kabla ya pambano fungua ule ukurasa wa mistari ya Kijapani unaotangulia gemu, shuka chini mara tatu, nenda kulia mara mbili, funga. Basi. Kazi yake sikuiuliza. Ni kama ishara ya msalaba kabla ya kula. Nilifanya kila siku, nilishinda kila siku. Dua haidaiwi maelezo.

Alhamisi, 3 Julai.

Mazoezi kwa Praygod. Nimepigwa.

Nimepigwa na mama wa chai. Alikuja kuchukua vikombe vyake! Praygod kamwambia shika pedi kidogo, mama, umchangamshe Odilo. Kanichangamsha mara tatu. Teke, teke, Kaptura yuko chini. Akaniuliza kama chai nitalipa leo au bado naumwa.

Sababu za kushindwa: vidole vimekufa ganzi. Pedi mpya ni laini mno, haina uchungu wa zamani. Na kubwa kuliko zote, sikufanya dua. Praygod haruhusu mtu kugusa ukurasa wa mistari. Mwezi jana mteja aliingia humo akazima sauti, Praygod akabeba televisheni hadi kwa fundi na kurudi.

Lakini nimechungulia. Mistari iko pale pale, kama makaburi. Maandishi tu ndiyo yamegeuzwa Kiingereza. Kiingereza nakijua vizuri, nilikisoma mpaka kidato cha pili, ila sikuwa na muda.

Ijumaa, 4 Julai.

Mpango umekamilika. Mtu aliyefika Lupingu, Dar mara mbili, na Tunduma akavuka mpaka hatua nne ndani ya Zambia bila pasipoti, hashindwi na sebule ya Makambako.

Kwanza: Praygod atabeba mashine yake. Nimempa koti jeusi lenye manyoya shingoni. Sasa anatembea kama waziri.

Pili: nitakaa kushoto. Bingwa hukaa kushoto, ndiye mchezaji wa kwanza. Ndivyo ilivyokuwa.

Tatu: lazima Tarsis atoke nje dakika moja nifanye dua. Nimemwomba Mzee Hosea amtoe. Amekataa! Kasema mshenga hubeba maneno, habebi ujanja, na yeye ni mzee wa usharika wa Kilutheri, asikike Jumapili kwamba alimdanganya Mkatoliki nyumbani kwake? Nimembembeleza nusu saa. Mwisho nikamkumbusha kwamba Tarsis anafuga nguruwe, na mmoja wanasema hapiti mlangoni. Mzee kasema kuwaona nguruwe si uongo kama mtu kweli anataka kuwaona nguruwe. Na yeye anataka.

Nimepiga simu kwa Avelina kumwambia kesho nitang'ara. Kaniuliza kama nimefanya mazoezi. Nimemwambia simba hafanyi mazoezi ya kula nyama. Kasema sawa, simba, vaa soksi mbili.

Mwanamke huyu! Mwalimu wa sekondari, na ananijali miguu.

Jumamosi, 5 Julai. Makambako.

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Tumefika saa nne. Mama yao, Mama Tereza, katupokea kwa salamu ya kamwene ya mikono miwili na viazi vya kuchemsha. Nikamwita Tarsis shemeji. Kasema shemeji atakuwepo karatasi ikisomwa, kwa sasa yuko mteja wa chai tu. Mikono yake! Miaka kumi na tano anachana mbao, vidole kama mihogo. Nilimwonea huruma.

Barua yangu niliiona. Iko kwenye kabati la vioo, juu ya sahani, kitambaa cheupe kimeifunika nusu, katikati ya vikombe vya wageni. Inanitazama. Nilikaa kushoto nikiitazama.

Praygod kafunga mashine. Mzee Hosea kakohoa, kasema amesikia habari za nguruwe. Tarsis kainuka kwa fahari. Mama Tereza kafuata. Praygod na manyoya yake kafuata. Sebule ikabaki mimi na barua.

Haraka! Ukurasa wa mistari. Chini, chini, chini. Kulia, kulia.

Nyuma yangu chupa ya chai ikawekwa mezani. Avelina. Kaniuliza nafanya nini. Nikasema dua, ya zamani. Akainama begani kwangu, akasoma kwa sauti ya darasani. Kisha akanifasiria taratibu, kama mtoto wa mwisho kwenye mstari: nguvu za mchezaji wa pili, zipunguzwe ziwe nusu.

Nilisoma mwenyewe. Neno la mwisho nalijua, tulifundishwa kwenye hesabu. Nusu!

Miaka miwili Tarsis alipigana na nusu ya damu yake! Ndiyo maana alikuwa akianguka kwa teke moja kama gunia. Ndiyo maana alikuwa anaigeuza pedi juu chini, anaipuliza, siku moja akalia akasema amerogwa. Mimi nilimcheka. Nilimcheka mbele ya reli nzima!

Nje nilisikia Mzee Hosea anasema, jamani, huyu ni nguruwe au ng'ombe? Walikuwa wanarudi.

Barua ilikuwa pale. Ningenyamaza tu, ingefunguliwa. Bonyeza kitufe kimoja, oa. Lakini nikaona Tarsis yule wa zamani akiipuliza pedi. Nikamwambia Avelina zirudishe nguvu zake, haraka, mimi vidole havifanyi kazi. Mfalme hali nusu ya sahani ya mwenzake. (Sentensi nzuri. Ilinitoka yenyewe.)

Kanitazama kwa muda ambao nguruwe mmoja angeweza kuchinjwa. Akachukua pedi, akabonyeza, akabonyeza tena, akanirudishia. Kasema tayari, kunywa chai.

Pambano. Mimi Kaptura, Tarsis Bibi Moto. Sekunde kumi na moja, Kaptura chini.

Mzunguko wa pili, tisa.

Tarsis hakuelewa kwanza. Alitazama kioo, akatazama pedi, akaipuliza kwa mazoea. Kisha alisimama akapiga ukelele ambao nguruwe waliujibu. Miaka ishirini! Alizunguka meza. Alimkumbatia Praygod, alimkumbatia Mzee Hosea, akaninyanyua mimi juu kama ubao wa inchi mbili. Nilikuwa nimefumba macho nikihesabu miezi mpaka mahindi ya mwakani. Julai, Agosti, Septemba. Nilifika Machi.

Nikasikia kioo cha kabati kinafunguliwa.

Tarsis kasema mwenyewe, huku anahema: mtu aliyeshindwa mbele ya mama yangu na hajasingizia pedi, huyo ni mtu wa kuishi naye. Mkataba aliufuta hapo hapo. Mama Tereza kasema afadhali, kitambaa chake anakihitaji. Barua ikasomwa na Mzee Hosea, amesimama, na miwani ya Praygod. Avelina akaulizwa kama anamfahamu mwandishi. Kasema anamfahamu, na tahajia yake pia.

Amekubali! Nimekaa chini. Nimekula viazi saba.

Jumapili, 6 Julai. Bado Makambako.

Misa ya pili, nimeimba mpaka mwanakwaya mmoja akageuka. Mwili mwepesi. Wiki tatu nilikuwa nimebeba gunia bila kujua.

Baada ya misa nikaamua kumwambia Tarsis ukweli wa zamani. Nikaanza: shemeji, unakumbuka banda la reli... Avelina kanikanyaga mguu. Nikaendelea kidogo. Kanikanyaga tena. Kukanyagwa na mwalimu si mchezo, unajua umekosea swali. Nikamalizia kwa kusema lilikuwa banda zuri.

Avelina alinisindikiza kidogo barabarani. Nikamwambia nashukuru alirudisha nguvu za kaka yake. Kasema alizirudisha. Kisha alishuka mstari mmoja akazipunguza zangu.

Nilisimama katikati ya barabara! Nusu?

Kasema robo.

Kasema anamjua kaka yake: akishindwa angefungua barua kwa uchungu, angenuna mpaka ubatizo wa mtoto wa tatu. Akishinda, angetoa hata kabati. Nikamuuliza je, kama asingefungua? Kasema basi angeifungua yeye, ina jina lake. Halafu akanifunga vifungo vya koti mpaka juu na kuniambia ujanja basi, Odilo, umeona ulikotufikisha. Nikaapa. Nimeapa kwa mkono wa kulia, mbele ya kanisa, au angalau mbele ya ukuta wake.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba. Njombe.

Sikukuu. Nimemlipa mama wa chai vikombe vyote, na koti la zambarau juu yake. Kauliza nani amekufa. Nikamwambia anaoa mtu.

Nimefikiri kwa utulivu. Robo ya nguvu, sekunde kumi na moja. Hesabu ni rahisi: nguvu kamili ni sekunde arobaini na nne, na katika sekunde arobaini na nne mimi huwa nimeshinda zamani. Kwa hiyo sijashindwa. Kwa hiyo bado ni Mfalme. Nimewaeleza kibanda kizima. Praygod kaniuliza kama kwake pia nilikuwa na robo, maana kanipiga mara mbili leo asubuhi. Koti limempanda kichwani.

Mzee Hosea kaleta habari: mazungumzo ya mahari tarehe 19. Tarsis anataka ng'ombe sita, na amesema, huku akicheka, kwamba yuko tayari kucheza tena wakati wowote, mahali popote. Wakati wowote! Nimemtuma Mzee arudi na salamu: tucheze tarehe 18, nikishinda apungue ng'ombe mmoja. Mzee kasema hapana. Nikamwambia yule nguruwe mkubwa amezaa. Anafikiri.

Nilimwapia Avelina kuhusu ule mstari. Siugusi, mimi ni mtu wa neno langu. Lakini chini ya wake uko mwingine ambao hakuna aliyeutaja. Sijausoma. Kuna haja gani? Unaonekana mzuri.

Chini mara tano, kulia mara mbili.